Mwacha asili ni mtumwa, lakini asili yenyewe ni ipi?

Nenda kwa mama lishe saa saba mchana, iwe Kariakoo, Kisumu au Bujumbura, uagize ugali na maharage. Sahani italetwa na donge la ugali linalofuka mvuke, maharage yaliyoungwa kwa nyanya, na pilipili moja mbichi pembeni. Ukimuuliza mlaji aliye karibu nawe chakula hiki ni cha nani, atakujibu bila kusita kwamba ni chetu, ni cha asili, ndicho walichokula mababu. Jibu hilo lina uzito wake, na mbele nitalitetea. Lakini kama swali ni chimbuko la mazao, ukweli ni kwamba mahindi, maharage, nyanya na hiyo pilipili, vyote vinne, vilianzia bara la Amerika. Miaka 600 iliyopita hapakuwa na mtu Afrika, Ulaya wala Asia aliyewahi kuvionja. Hata meza iliyobeba sahani hiyo inaitwa kwa neno la Kireno.

Wengi hupokea habari za namna hii kama chemshabongo. Zinasimuliwa kijiweni, watu wanashangaa, kisha mazungumzo yanarudi kwenye mpira. Naamini tunakosea kuzipuuza. Msemo wa wahenga kwamba mwacha asili ni mtumwa tunautumia harusini, bungeni na mitandaoni, mara kusifu, mara kumsuta kijana aliyevaa au kula tusichokipenda. Tunautumia kama kipimo, ilhali kipimo chenyewe hatujawahi kukipima. Hoja yangu ni kwamba tumeikosea maana ya asili, na kosa hilo linatugharimu mara mbili: tunadharau vitu ambavyo kweli vilianzia kwetu, na tunawanyima heshima watu waliofanya kazi kubwa ya kuvigeuza vya wageni kuwa vyetu.

Tuanze na jina, maana jina ndilo shahidi wa kwanza na ndilo linalopotosha zaidi. Neno mahindi linatuelekeza India, na msikilizaji akiliamini atadhani nafaka hii ilitoka huko. Haikutoka huko. Pwani yetu ilizoea kupokea bidhaa ng'ambo ya bahari kupitia wafanyabiashara wa Kihindi, kwa hiyo kitu kigeni kikapewa jina la watu wa ng'ambo. Hatukuwa peke yetu. Waitaliano waliyaita mahindi nafaka ya Kituruki. Waturuki nao huyaita kwa jina lile lile wanaloiitia nchi ya Misri. Kwa Kiamhari yana jina lenye maana ya mtama wa baharini, na kwa Kichewa huitwa chimanga, yaani kitu kilichotoka pwani. Kila taifa lilimtaja jirani aliyelikabidhi mbegu, na hakuna aliyemtaja mkulima wa kwanza. Mambo ni hayo hayo kwa pilipili manga. Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa Oman, lakini pilipili hiyo ni ya Malabar, kusini magharibi mwa India, na Waarabu walikuwa wachukuzi wake tu. Kwa hiyo jina la kitu linatueleza kilipitia mlango gani. Kilizaliwa wapi, hilo ni swali jingine.

Aliyeyazaa mahindi ni mkulima wa kusini mwa Mexico. Huko, katika bonde la mto Balsas, kulikuwa na nyasi mwitu zenye punje chache ngumu kama changarawe. Kwa kuchagua mbegu msimu baada ya msimu, kuanzia takriban miaka 9,000 iliyopita, wakulima wa huko waliigeuza nyasi hiyo kuwa gunzi lililosheheni punje laini. Columbus aliyakuta mahindi Cuba mwaka 1492. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, na katika karne mbili za Wareno katika pwani yetu, hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698, mazao ya Amerika yalipata njia ya kuingia: mahindi, muhogo, nanasi, mapera, korosho. Lakini kuingia si kutawala. Kwa muda mrefu mahindi yalikuwa zao la pembezoni, yakiliwa mabichi au ya kuchoma wakati mtama na ulezi ukisubiriwa kukomaa. Ugali wa kila siku wa watu wengi wa bara haukuwa wa mahindi.

Kilichoyapandisha mahindi hadi kiti cha enzi kinaonekana vizuri katika neno moja, posho. Nchini Tanzania leo neno hilo limezoeleka kwa fedha anazolipwa mtumishi akiwa safarini au mbunge akiwa kikaoni. Zamani posho ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi wa msafara, na baadaye kibarua wa shamba la mlowezi, wa reli na wa mgodi. Mwajiri alihitaji chakula cha bei nafuu, kinachosagwa kwa mashine, kinachowekwa katika magunia na kupimwa kwa kibaba, na unga wa mahindi ulikidhi haja hiyo. Kibarua alirudi nyumbani baada ya miezi kadhaa akiwa amezoea ladha hiyo. Ndiyo maana Uganda hadi leo ugali wa mahindi unaitwa posho, na jina la mgawo wa mwajiri likawa jina la chakula chenyewe. Hata weupe wa unga wetu una historia. Mahindi ya zamani yalikuwa ya rangi nyingi, ya manjano, mekundu na meusi. Kilimo cha walowezi kilichotazama soko la nje ndicho kilichotaka punje za rangi moja, na nyeupe ikashinda. Kisha mwaka 1964 watafiti wa Kitale, Kenya, wakatoa mbegu chotara ya H611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mbegu kutoka Ecuador. Mavuno yakapanda, na wakulima wadogo wakaipokea haraka.

Sasa tuangalie upande wa pili wa kinu. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, wafinyanzi wa takriban miaka 5,000 iliyopita walichanganya makapi ya nafaka katika udongo wa vyungu vyao ili usipasuke. Chungu kilipochomwa makapi yaliungua, lakini umbo lake likabaki limechapwa katika ukuta wa chungu, wazi kama muhuri. Wataalamu walipoyachunguza maumbo hayo waliona mtama uliokuwa umeanza kutoka katika hali ya mwitu na kuwa zao la shamba. Huo ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa kilimo cha mtama popote duniani, na umehifadhiwa na mikono ya wafinyanzi wa Kiafrika. Uwele nao ulianza kulimwa katika ukanda wa Saheli, pande za Mali. Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, ni mtoto wa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Kunde ni za Afrika. Hata tikiti maji lina ndugu zake wa mwitu wa karibu kabisa huko huko Sudan.

Tena nafaka hizi hazikukaa nyumbani. Miaka elfu kadhaa kabla ya Mreno wa kwanza kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, mtama, uwele, ulezi na kunde vilikuwa vimeshavuka bahari hadi India. Wahindi waliupa mtama jina la jowar, uwele bajra na ulezi ragi, wakavilima katika nyanda kame za Gujarat, Rajasthan, Maharashtra na Karnataka, na wanavila mpaka sasa kama mikate na uji. Mwaka 2023 ulipotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele, ulezi na mtama, nchi iliyopeleka pendekezo hilo ilikuwa India. Marekani nayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mtama duniani. Tazama basi tulivyogeuza mambo. Zao la Mexico tumelipa jina la India na kuliita la mababu. Mazao ya mababu, ambayo India inayaenzi, sisi tumeyaita chakula cha njaa.

Gharama ya kosa hili inalipwa shambani. Mtama unavumilia ukame kwa namna ambayo mahindi hayawezi. Mvua ikikatika, mmea wa mtama hukunja majani, hupunguza kasi ya kukua na kusubiri, na mvua ikirudi huendelea. Mahindi yakikosa maji wiki zile za kutoa mbelewele na hariri, msimu umekwisha, hata mvua ikinyesha baadaye. Ulezi una madini ya kalsiamu mengi kuliko nafaka yoyote kubwa, na hauliwi ovyo na wadudu ghalani, hukaa miaka. Wazee wa maeneo makavu kama Dodoma, Singida, Kitui na Turkana waliyajua haya. Lakini mkulima wa huko akiambiwa apande mtama, mara nyingi husikia kwamba anarudishwa nyuma, anafanywa maskini, ananyimwa chakula cha watu. Hapo ndipo mambo madogo ya historia yanapogeuka kuwa makubwa. Mtu anayeamini kwamba mahindi ni ya asili na mtama ni wa shida ataona aibu kupanda kitu ambacho kingemwokoa. Elimu ya kilimo peke yake haiondoi aibu. Aibu huondolewa na kujua.

Pengine msomaji ameshaona ninaelekea wapi, na anadhani nitasema tuyang'oe mahindi na kurudi kwenye mtama kwa kuwa mtama ndio wetu. Sisemi hivyo. Ningesema hivyo ningelazimika kuvua pia vazi ambalo hakuna anayethubutu kuliita geni, yaani kanga. Ikunjue kanga moja uitazame. Kuna pindo linaloizunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na chini ya mji kuna jina, ule mstari wa maneno unaosema ambacho mdomo unakwepa. Mbili zikiwa pamoja ni doti. Bibi harusi wa pwani huvishwa kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mtoto hupokelewa kwa kanga na kubebwa kwa kanga, na mama akifariki kanga zake hugawiwa binti zake. Hakuna kitu kilichoingia ndani zaidi ya maisha yetu kuliko nguo hii. Lakini kitambaa chake kilichapwa kwa miongo mingi Manchester, Uholanzi, India na Japani, na jina lake la pili, leso, ni neno la Kireno la kitambaa cha mkononi.

Asili yake inafahamika vizuri kiasi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, leso za kuchapwa zilikuwa zikiuzwa pwani zikiwa zimeungana katika gora, muuzaji akikata moja moja. Wanawake wa mijini, Zanzibar na Mombasa, walianza kununua sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, wakazishona mstari juu ya mstari, wakapata vazi pana ambalo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kulibuni. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa hivyo tayari, ikiwa nzima. Madoa meupe ya baadhi ya nguo hizo za mwanzo yaliwakumbusha watu ndege aitwaye kanga, na jina likashika. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa mwaka 1887 na kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, linatajwa sana katika habari za kuongezwa kwa maneno, ambayo mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vinasubiri pwani iseme inataka nini msimu huu. Mtaji na mashine vilikuwa vya mgeni, na kauli ilikuwa ya mwanamke wa Kiswahili.

Kabla ya kanga nguo iliyotawala njia za misafara ilikuwa merikani, na jina hili linasema kweli, angalau mwanzoni. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilimwaga Zanzibar marobota ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ile ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, ikabebwa hapa mabegani mwa wapagazi, ikawa fedha halisi kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata usafirishaji, viwanda vya Uingereza na India vikajaza nafasi, na nguo ikaendelea kuitwa merikani hata isiponusa Marekani. Merikani isiyo na rangi na kaniki nyeusi yakawa mavazi ya watumwa na mafukara wa Zanzibar. Utumwa ulipoondolewa kisheria huko mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakavaa kanga za rangi, wapate kuonekana na kuhesabiwa kama watu huru wa mjini.

Hapo methali yetu inatakiwa kusimama na kujieleza. Mwanamke yule aliacha vazi alilolikuta mwilini mwake, akachukua kitambaa kilichochapwa Ulaya, na kwa kufanya hivyo akatoka utumwani, hakuingia. Kama asili ni kile ulichokikuta, basi yeye aliiacha. Kama asili ni kule kitambaa kilikotoka, basi alivaa cha wageni. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba alichokifanya ni kujenga jambo letu kabisa, na wajukuu zake hawana sababu ya kumwomba mtu radhi. Kwa hiyo neno asili lina maana mbili tunazozichanganya. Ya kwanza ni chimbuko, mahali na watu ambao kitu kilianzia. Hilo ni swali la ushahidi, na jibu lake halibadiliki kwa sababu linatuudhi au linatupendeza. Ya pili ni umiliki, yaani haki ya kusema hiki ni chetu. Hiyo haitoki kwenye ardhi wala kwenye damu. Inatoka kwenye kazi: kuchagua, kurekebisha, kukipa kitu jina na kanuni, na kumfundisha mtoto.

Kahawa inaonyesha maana hizo mbili zikiwa pamoja katika kikombe kimoja. Mkahawa wa arabika ni mti wa misitu ya Ethiopia, na neno letu buni ni ndugu wa karibu wa buna ya Kiamhari. Kutoka Ethiopia ulivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Mwaka 1715 Wafaransa waliuchukua Yemen na kuupeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, na mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki wakauleta kutoka huko hadi Bagamoyo na miteremko ya Kilimanjaro. Mti wa jirani ulizunguka Uarabuni na Bahari ya Hindi ndipo ukafika Moshi. Wakati huo huo, ng'ambo ya nchi, Wahaya wa Kagera walikuwa na kahawa yao ya robusta tangu kabla ya ukoloni, wakiichemsha na mitishamba, kuikausha na kuitafuna, na kumpa mgeni kama ishara ya udugu. Sasa, kahawa ya Kilimanjaro ni ya nani? Walowezi walisema ni yao, wakadai Waafrika wazuiwe kuilima kwa kisingizio kwamba wataeneza magonjwa ya mimea. Wachaga hawakukubali. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Kahawa ile ikawa yao kwa jembe na kwa mapambano, na ushahidi wa safari yake kutoka Bourbon hauwapunguzii chochote.

Nitajibiwa kwamba kusema hivi ni kuufungulia mlango utamaduni wowote wa kigeni, kwa kuwa kila kitu kinaweza kudaiwa kuwa chetu baada ya muda. Hofu hiyo naielewa, lakini kipimo cha kazi ni kikali kuliko kipimo cha chimbuko. Chimbuko linauliza swali moja tu, kitu kimetoka wapi, na kwa kipimo hicho tungebaki bila ugali, bila kanga, bila chai na bila nusu ya maneno tunayosemea. Kazi inauliza mengi: nani anaamua umbo lake, nani anapata faida yake, nani anajua kukitengeneza, kinasema nini kwa lugha yetu? Mavazi yanayochapwa mbali kwa kuiga michoro yetu, yakauzwa hapa bila mbunifu wa hapa kulipwa, yanaweza kuonekana ya asili machoni na yakawa si yetu hata kidogo. Ukitumia kipimo cha kazi utamlinda mfumaji, mchoraji na mkulima. Ukitumia kipimo cha chimbuko utalinda jina tu.

Wengine watasema ninasahau nguvu, kwamba mahindi hayakuchaguliwa bali yalilazimishwa na mkoloni. Upo ukweli hapo, na nimeueleza kupitia posho. Lakini tusiwafanye wakulima wetu kuwa watu wasiokuwa na akili. Mtama unaliwa na ndege, na shamba la mtama lilitaka mtoto akae juu ya dungu tangu alfajiri akiamia kwa kombeo na kelele. Gunzi la mahindi limefunikwa na maganda yake, ndege hawalipati kirahisi. Watoto walipoanza kwenda shule, nani angepanda dunguni? Mahindi pia huvunwa upesi na kukobolewa kwa urahisi, na mvua ikiwa nzuri hutoa zaidi kwa eka. Familia zilipiga hesabu hizo na kuamua. Kulazimishwa kulikuwepo, na kuchagua kulikuwepo. Historia ya kweli inabeba yote mawili, na ndiyo inayoturuhusu kuchagua tena leo, maana mvua za leo si zile za mwaka 1964.

Hoja ya mwisho ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa kuwa ina haki: hadithi za asili ya vitu mara nyingi ni za kubuni. Mitandao imejaa masimulizi matamu ya nani aligundua nini, na yanapendwa kwa sababu yanafunga vizuri. Dawa yake si kuacha kuuliza, ni kudai ushahidi. Jina ni shahidi, lakini tumeona linavyoweza kusema uongo. Mbegu ni shahidi bora, maana wataalamu wanaweza kumfuata ndugu yake wa mwituni. Alama kwenye kigae cha chungu ni shahidi. Daftari la mfanyabiashara na mkataba wenye tarehe ni shahidi. Simulizi za wazee ni shahidi pia, zikipimwa pamoja na hayo mengine. Mwanafunzi akijifunza kupambanisha mashahidi hawa juu ya kitu kidogo kama ugali, hatadanganywa kirahisi juu ya vitu vikubwa kama mipaka, makabila na dini.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Walimu wa historia waanzie sahanini na kwenye kanga ya bibi kabla ya kufika kwa wafalme na kwenye Mkutano wa Berlin, kwa sababu mtoto atakumbuka alichokishika. Serikali zetu ziache kuutaja mtama pale tu panapotangazwa upungufu wa chakula, na ziuweke kwenye uji wa shule, kwenye mipango ya mbegu na kwenye bei za soko katika miaka ya neema. Na wewe msomaji, safari hii ukienda sokoni, ongeza kibaba cha unga wa mtama au wa ulezi pembeni ya sembe yako, uupike, na uwaambie watoto ulikotoka. Mahindi ni yetu, kwa kuwa mababu zetu waliyafanyia kazi yakawa yetu. Mtama ni wetu kwa njia zote mbili, kwa chimbuko na kwa kazi. Umelilisha bara hili kwa miaka 5,000. Usije ukaishia mikononi mwetu.